Neno Moja, Maana Kumi: Mwongozo Kamili wa Kupata Maana Sahihi ya Neno la Kiingereza

Maneno marefu ya Kiingereza hayamsumbui sana msomaji, kwa sababu akikutana nayo anajua kuwa hayajui na anafungua kamusi. Yanayomwangusha ni haya mafupi: "charge", "due", "save", "once", "case", "run". Haya anaamini anayajua tangu shule ya msingi, kwa hiyo hayachunguzi. Anachukua maana aliyofundishwa kwanza, anaibandika kwenye sentensi, na barua ya benki au maelezo ya dawa yanageuka kitendawili.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuipata maana inayofaa kwa utaratibu, bila kubahatisha. Umepangwa kwa hatua, na mpangilio wenyewe una maana. Kamusi inakuja hatua ya tano. Ukiifungua mapema utachagua maana ya kwanza iliyoorodheshwa, na kwa neno kama "run", ambalo wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford wamelihesabia maana 645 kwa kitenzi peke yake, bahati hiyo ni ndogo mno.

## Vitu vya kuandaa

Maandishi yote. Sentensi moja iliyokatwa haitoshi. Unahitaji aya nzima, na kama ni barua au mkataba, waraka wote.

Kamusi ya wanafunzi ya Kiingereza kwa Kiingereza. Tatu zinapatikana bure mtandaoni: Oxford Advanced Learner's, Longman Dictionary of Contemporary English na Cambridge. Longman hufafanua maneno yake kwa msamiati wa msingi wa maneno kama 2,000, hivyo hutalazimika kutafuta neno jingine ili uelewe ufafanuzi wa lile la kwanza. Zaidi ya hapo, kamusi hizi zinaonyesha sarufi na mifano ya kila maana, na mifano ndiyo utakayoitegemea.

Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili. Ile ya TUKI, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1996, inatosha. Kazi yake ni kukupa neno la Kiswahili baada ya maana kujulikana. Ukiitumia kuchagulia maana utapotea, kwa sababu huorodhesha visawe vingi na ina nafasi ndogo ya kueleza kipi kinatumika wapi.

Penseli na daftari. Penseli kwa sababu utafuta.

Programu ya tafsiri, ukipenda, lakini ya kuhakiki tu. Tutaona namna.

## Hatua ya 1: Tambua waraka unatoka wapi

Kabla ya kuligusa neno lenyewe, jibu swali moja: nani ameandika, na kwa kazi gani? Andika jibu juu ya ukurasa kwa neno moja: benki, mahakama, hospitali, kompyuta, mpira, shamba.

Sababu ni kwamba kila kazi imejichukulia maneno ya kawaida na kuyapa maana yake. "Interest" kwa mtu wa benki ni riba. Kwa mbunge anayetakiwa kusema kabla ya kuchangia hoja kwamba ana hisa kwenye kampuni inayojadiliwa, ni maslahi. Kwa mwalimu ni hamu ya mwanafunzi kujifunza.

Hospitali ina hatari zake. "Negative" kwenye majibu ya maabara maana yake kilichotafutwa hakikuonekana, na mara nyingi hiyo ni habari njema, ingawa kwingineko neno hilo lina sura mbaya. "Culture" hapo ni kuotesha vijidudu maabara ili vitambuliwe. "Theatre" ni chumba cha upasuaji. "Stool" ni choo kikubwa. "Tender" ni sehemu inayouma ikiguswa. "Chronic" watu wengi huielewa kama "kali mno", kumbe ni ugonjwa wa muda mrefu, hata ukiwa mpole. Unaokuja ghafla ni "acute". Na "discharge" ina mambo mawili yasiyohusiana: mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani, na majimaji au usaha unaotoka mwilini. Zote mbili zinaweza kukaa kwenye ukurasa mmoja wa faili.

Kwenye sheria, "party" ni upande wa mkataba, "sentence" ni adhabu, "hearing" ni kusikilizwa kwa kesi, na "execute" ni kuutia mkataba saini kwa taratibu zinazoupa nguvu. Ukisoma "the parties executed the agreement" hakuna sherehe wala aliyenyongwa.

Tahadhari: waraka mmoja unaweza kuchanganya kazi mbili. Barua ya bima ya afya ina lugha ya hospitali na ya benki. Iweke alama aya kwa aya.

Umefanikiwa kama unaweza kusema kwa Kiswahili, kwa sentensi moja, waraka unataka msomaji afanye nini, hata kama maneno mengine bado hayajaeleweka.

## Hatua ya 2: Tambua neno ni la aina gani

Nomino, kitenzi, kivumishi au kitu kingine? Hatua hii peke yake huondoa nusu ya maana zisizohusika, tena haraka.

Tazama kinachotangulia. Neno likifuata "a", "the", "my" au "this", jua kuna nomino karibu: ama ni neno lenyewe, ama ni kivumishi kinachoielekea. Likifuata "to", "will", "can", "must" au nafsi kama "they", mara nyingi ni kitenzi. Kisha tazama mwisho wake: "-ed" na "-ing" zinaelekeza kwenye kitenzi, japo si kila mara.

Jaribu na "fine":

- "He paid a fine": nomino, faini.
- "The court fined him": kitenzi, ilimtoza faini.
- "Use fine sand": kivumishi, mchanga laini wenye chembe ndogo.
- "Read the fine print": kivumishi tena, maandishi yale madogo ya chini ambayo muuzaji angependa usiyasome.

Tahadhari ya vichwa vya habari. Magazeti ya Kiingereza huacha "a" na "the" kwenye vichwa, na dalili zote tulizozitaja zinatoweka. "Police fine drivers" si sifa kwa polisi. Wametoza madereva faini. Kichwa kikikutatiza kiache, soma aya ya kwanza ya habari, kisha urudi.

Kama unasikiliza badala ya kusoma, mkazo husaidia. "Record", "present", "object" na "contract" hukaziwa mwanzoni zikiwa nomino na mwishoni zikiwa vitenzi. "Close" na "use" hubadilisha sauti ya mwisho: s ikiwa kivumishi "close" au nomino "use", z zikiwa vitenzi.

## Hatua ya 3: Chunguza majirani

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Neno la Kiingereza lenye maana nyingi hutegemea maneno yaliyokaa jirani nalo kuonyesha limekusudia nini. Chunguza majirani wa aina tatu.

Nani anatenda (kiima), na nini kinatendewa (yambwa)? Chukua "run":

- "She runs every morning": mtu, bila yambwa. Anakimbia.
- "She runs a shop": kuna yambwa, nayo ni biashara. Anaendesha duka.
- "The tap is running": kiima ni bomba. Maji yanatiririka.
- "The buses run until ten": mabasi yanafanya safari hadi saa nne usiku.
- "The contract runs for two years": mkataba unadumu miaka miwili.
- "The colours ran": kiima ni rangi za nguo. Nguo imechuja.
- "Run the programme again": iendeshe programu tena.

Kitenzi hakikubadilika hata kidogo. Waliobadilika ni kiima na yambwa. Kwa hiyo piga mstari chini ya hivyo viwili kabla ya kuuliza maana ya kitenzi.

Kihusishi kipi kimeambatana nacho? Vineno kama "with", "for", "up", "off" na "out" ndivyo wasomaji wanavyoviruka kwa sababu ni vidogo. Usiviruke. "Charge for" ni kutoza bei. "Charge with" ni kushtaki kwa kosa. "Charge at" ni kumvamia mtu kwa kasi, kama fahali afanyavyo. "In charge of" ni kusimamia. "Charge" bila kihusishi, yambwa ikiwa simu, ni kuchaji.

Kitenzi na kihusishi vikishaungana vinaweza kuzaa maana ambayo haimo katika neno lolote kati ya hayo mawili. "Turn down an offer" ni kukataa, "turn down the radio" ni kupunguza sauti. "Put up with" ni kuvumilia. "Make up" inaweza kuwa kutunga uongo, kupatana baada ya ugomvi, au kuunda sehemu ya kitu kizima, kama "women make up half of the class". Haya tafuta kwenye kamusi kama neno moja, si vipande viwili.

Na kihusishi kinaweza kukaa mbali na kitenzi chake: "They turned the whole proposal down." Macho yasiishie neno la pili.

Lina "-s" au "a"? Nomino nyingi hubadilika maana zikiingia wingi, na Kiswahili hakitukumbushi jambo hili kwa sababu ngeli zetu hazifanyi kazi hivyo. "Damage" ni uharibifu, "damages" ni fidia inayoamriwa na mahakama. "Custom" ni mila, "customs" mara nyingi ni forodha. "Minutes" zaweza kuwa dakika au kumbukumbu za mkutano. "Manner" ni namna, "manners" ni adabu. "Security" ni usalama au dhamana ya mkopo, "securities" ni hati za uwekezaji kama hisa na hatifungani. "Iron" bila "an" ni chuma. "An iron" ni pasi. "Paper" ni karatasi kwa ujumla, "a paper" yaweza kuwa gazeti, mtihani au makala ya kitaaluma.

Umefanikiwa kama umepigia mstari kiima, yambwa, kihusishi na alama ya wingi, na umebakiwa na maana mbili au tatu tu zinazowezekana.

## Hatua ya 4: Shuku vineno vidogo kuliko vyote

Makosa makubwa tunayoyaona hayamo kwenye nomino wala vitenzi. Yamo kwenye viunganishi, kwa kuwa hivi vinageuza sentensi nzima na msomaji anavipita bila kusimama.

"Once". Mwanzoni mwa kishazi ni "mara tu" au "-kisha-". Kwenye chupa ya dawa ya macho: "Once opened, use within 28 days." Maana yake ukishaifungua, itumie ndani ya siku 28, na baada ya hapo uitupe hata kama imebaki. Aliyekariri kuwa "once" ni "mara moja" atadhani anaambiwa idadi ya kutumia. "Once a day" ndiyo mara moja kwa siku. Na "he was once rich" ni zamani.

"Save". Kwenye sheria na mikataba, "save as provided in clause 7" ni "isipokuwa kama ilivyoelezwa kwenye kifungu cha 7". Haihusu kuokoa, kuweka akiba, wala kuhifadhi faili.

"Provided". Ikiwa kiunganishi, mara nyingi na "that", ni "ilimradi". Bila hivyo, ni "-liotolewa": "the form provided" ni fomu uliyopewa.

"While" na "since". Zote mbili zina maana ya wakati na maana nyingine kando. "While the drug is safe for adults, it should not be given to infants": hapa "while" ni "ingawa". "Since" ikifuatwa na tarehe au tukio, na kitenzi kikuu kikiwa na "have" au "has", kwa kawaida ni "tangu". Ikieleza sababu ni "kwa kuwa".

"As". Ina sura nne za kawaida: kama ("works as a nurse"), kwa kuwa ("as it was late, we left"), wakati ("as he was speaking"), na kadiri ("as prices rise, people buy less"). Dalili ya "kadiri" ni vitu viwili vinavyobadilika pamoja.

"But". "All but two were saved": wote waliokolewa isipokuwa wawili. "The bridge is all but finished": daraja limekaribia kabisa kwisha. "Anything but cheap": si ya bei nafuu hata kidogo. Hakuna "lakini" hata moja hapo.

"Fail". Hili ni kitenzi, lakini linatumika kama ukanushi. "If you fail to attend" ni "usipohudhuria". Ukitafsiri "ukishindwa kuhudhuria" unamfanya msomaji adhani anasamehewa akiwa na sababu, na waraka haukusema hivyo.

"Should" mwanzoni mwa sentensi. "Should you need help" ni "iwapo utahitaji msaada". Si amri.

"Odd" na "even". Kwenye hesabu ni witiri na shufwa. "Odd" kwingine ni -a ajabu. "Odd jobs" ni vibarua vya hapa na pale. "Twenty-odd people" ni watu ishirini na ushei.

"May not". Kwenye kanuni ni katazo: "Visitors may not enter" ni hawaruhusiwi. Kwenye utabiri ni uwezekano: "It may not rain" ni huenda isinyeshe. Hapa ndipo jibu la hatua ya kwanza linapolipa.

## Hatua ya 5: Sasa fungua kamusi

Unaingia ukijua aina ya neno, majirani zake na uwanja wake, yaani ile kazi uliyoiandika hatua ya 1. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya aina hiyo. Maana zikiwa nyingi, Longman na Oxford huweka neno la mwongozo mwanzoni mwa kila maana. Pitisha macho kwenye hayo tu, usisome kila kitu.

Tazama alama. T ni kitenzi chenye yambwa, I kisicho na yambwa. C ni nomino inayohesabika, U isiyohesabika. "Law", "medical" au "computing" ni uwanja. "Formal" ni lugha rasmi. Maana yenye alama ya T haifai sentensi isiyo na yambwa, hata ikikupendeza.

Kisha soma mifano na utafute ule unaofanana na sentensi yako kwa umbo. Umbo likifanana, maana karibu kila mara imefanana.

Kinachoharibika hapa: msomaji anachoka baada ya maana ya tatu. Maana za kamusi za wanafunzi mara nyingi hupangwa kwa kutangulizwa zinazotumika zaidi, na lugha ya benki au mahakama hukaa chini kabisa. "Issue" kwa maana ya watoto, kama "he died without issue", utaikuta mwishoni, lakini kwenye wosia ndiyo pekee inayofaa: alifariki bila kuacha mtoto.

## Hatua ya 6: Irudishe maana kwenye sentensi

Weka maana ya Kiswahili mahali pa neno na usome sentensi yote kwa sauti, kisha sentensi iliyotangulia na inayofuata. Zote tatu lazima zisimame. Sentensi moja kusimama haitoshi, kwa sababu maana isiyo sahihi inaweza kukaa vizuri mahali pamoja na kubomoa panapofuata.

Zingatia hasa maneno yenye maana zinazopingana. "Sanction" ni kuidhinisha, pia ni kuweka vikwazo. "Oversight" ni usimamizi, pia ni kosa la kupitiwa. "Outstanding" kwa mwanafunzi ni bora sana, kwa deni ni ambalo halijalipwa. "Rent" inaweza kuwa kupanga au kupangisha, na hapo tazama nani anapokea pesa. "The alarm went off" kengele ililia. "The lights went off" taa zilizimika.

"Table" inategemea nchi. Uingereza, na katika mabunge yanayofuata desturi zake, yetu ya Afrika Mashariki yakiwemo, "to table a motion" ni kuiwasilisha ijadiliwe. Marekani ni kuiweka kando. Ukisoma habari ya bunge la Washington kwa kichwa cha Dodoma au Nairobi utaripoti kinyume.

Programu ya tafsiri inafaa hapa. Ipe aya nzima, maana neno likiwa peke yake halina majirani wa kuliongoza. Ikitofautiana na wewe, usiifuate wala usiidharau. Rudi hatua ya 3 ukague yambwa na kihusishi.

## Mfano mzima: barua ya mkopo

"Your account has an outstanding balance of 400,000 shillings. Interest will be charged on any amount due after 30 June. Should you fail to settle, the matter may be referred to a third party without further notice."

Uwanja: benki. Lengo: ulipe kabla ya mwisho wa Juni.

"Outstanding" ni kivumishi cha "balance". Salio la mkopo haliwezi kusifiwa, kwa hiyo ni lisilolipwa. "Balance" yenyewe ni kiasi kilichobaki. Huko Kenya na Uganda watu hulitumia pia kwa chenji dukani, na hiyo haipo hapa.

"Interest" imekaa na "charged on", na kinachofuata ni kiasi cha pesa. Riba, na kutozwa.

"Due" haina "to" baada yake, kwa hiyo si "kwa sababu ya". Inaeleza "amount": kiasi kinachotakiwa kulipwa.

"Should you fail to settle": iwapo hutalipa. "Settle" ingeweza kuwa kuhamia mahali, kutulia au kutuama, lakini jirani yake wa aya ni deni.

"Third party" ni mtu wa tatu asiye wewe wala benki, pengine mkusanya madeni. Wenye magari wanalijua neno hili kutoka kwenye bima.

"Notice" ina "further", yaani taarifa nyingine. Kwa hiyo: "Akaunti yako ina deni la shilingi 400,000 ambalo halijalipwa. Kiasi chochote kitakachokuwa bado kinadaiwa baada ya tarehe 30 Juni kitatozwa riba. Usipolipa, suala hili linaweza kupelekwa kwa mtu wa tatu bila wewe kupewa taarifa nyingine."

Kama ungechukua maana za kwanza, ungesoma kwamba una usawa mzuri sana na watu wanapendezwa nawe.

## Mtego wa maneno tuliyoyakopa

Mtego huu unawanasa wazungumzaji wa Kiswahili hasa. Kiswahili kinapokopa neno la Kiingereza, mara nyingi huchukua maana moja tu au mbili, kisha sisi tunairudisha hiyo hiyo kwenye Kiingereza kana kwamba ndiyo yote.

"Case" kwetu ni kesi ya mahakamani. Kwenye ripoti ya afya, "200 cases of malaria" ni wagonjwa 200 wa malaria. "In case of fire" ni "moto ukitokea". "Upper case" ni herufi kubwa. Na "take an umbrella in case it rains" ni kuubeba mwavuli sasa, kabla mvua haijaonyesha dalili. Ukielewa "ikinyesha ndipo uchukue" utalowa.

"Bill" kwetu ni bili. Bungeni ni muswada, kwa ndege ni mdomo, Marekani ni noti ya pesa. "Bank" ni benki, na pia ukingo wa mto. "Hotel" katika Kiingereza ni pa kulala wageni, si mgahawa wa chai na maandazi. "Escort" kwetu ni ukarimu wa kumsindikiza mgeni hadi njiani. Ukimwandikia mgeni wa Ulaya kwamba utamtafutia "an escort", atafikiri jambo jingine kabisa. Andika "I will walk you to the bus stop".

Dawa yake: kila neno la Kiingereza linalofanana na neno la Kiswahili ulichukulie kuwa hulijui, ulipitishe hatua ya 2 na 3 kama mengine.

## Hatua ya 7: Hifadhi kipande, usihifadhi neno

Kwenye daftari usiandike "settle = lipa". Andika kipande chenye majirani wake:

- settle a bill: kulipa deni lote
- settle in Arusha: kuhamia na kufanya makazi
- the dust settled: vumbi lilituama
- settle out of court: kumaliza kesi kwa mapatano nje ya mahakama

Acha mistari mitano mitupu chini ya kila neno, maana mengine utayakuta baadaye. Usikae kukariri maana zote za "run" kwa mpigo. Utazisahau zote kwa pamoja. Andika ile uliyokutana nayo leo. Ipitie kesho, kisha baada ya siku 3, wiki moja, na mwezi. Ukiwa unapitia, funika Kiswahili, usome kipande cha Kiingereza, useme maana. Neno lililo peke yake halipimwi, kwa sababu halina jibu moja.

## Maana isipopatikana

Ukipita hatua zote na bado una maana mbili zinazosimama, kuna mambo mawili ya kufanya kulingana na waraka.

Kwa dawa, muulize mfamasia kabla ya kumeza, umwonyeshe mstari wenyewe badala ya kumsimulia.

Kwa mkataba, tafuta sehemu ya tafsiri ya maneno. Kama "Premises", "Party" au "Term" imeandikwa kwa herufi kubwa ya mwanzo katikati ya sentensi, karibu hakika ina maana iliyowekwa na mkataba wenyewe, na maana hiyo inaishinda ya kamusi yoyote. Sehemu hiyo kwa kawaida iko kifungu cha 1, lakini wengine huificha kwenye kiambatisho cha mwisho. Isome kwanza, na usitie saini kama huna kurasa zote mkononi.